Mbegu za airisi: uzisie mbichi, uzikaushe na kuziacha nje, au uzitie kwenye friji?

Umeshika tunda la airisi (Iris), mmea wa maua wa bustanini, na tunda hilo limeanza kupasuka kichwani. Ndani mna mbegu thelathini au zaidi, na kila uliyemuuliza amekupa jibu lake. Mmoja kasema uzisie leo leo kabla hazijakauka. Mwingine kasema zikaushe, uzihifadhi, uzitoe nje baridi ikikaribia. Wa tatu kakuonyesha mfuko wa plastiki kwenye friji yake, kati ya karoti na maziwa, akaapa kwamba nje ya hapo ni kupoteza wakati. Wote watatu wana miche bustanini. Na wote, ukiwabana kidogo, watakiri upo mwaka walioambulia patupu.

Nimezijaribu njia zote tatu. Kila moja ina namna yake ya kukuangusha: moja hukomolewa na kukauka, nyingine na panya na usahaulifu, ya tatu na ukungu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ipi inaotesha zaidi, jiulize wewe ni mtu wa kosa lipi.

Jambo moja tulimalize mapema. Kama unachotaka ni ua lile lile la mama, achana na mbegu, gawa tunguu lake. Airisi nyingi za bustanini ni chotara, na watoto wao hutoka na rangi zao wenyewe, wengine wazuri kuliko mzazi, wengi wa kawaida tu. Mbegu ni za mtu anayependa kushangazwa, au mwenye aina ya asili isiyochanganyika na nyingine.

## Vipimo vya kulinganishia

Nitazipima njia zote kwa mambo yale yale: kazi unayoifanya kwa mikono yako, muda hadi mche wa kwanza, baridi inatoka wapi, na hatari iliyo kubwa kuliko zote. Mwishoni mwa kila moja nitasema inamfaa nani.

Hilo la baridi linahitaji maelezo. Mbegu ya airisi ikikomaa huwa imelala. Katika ganda lake na katika akiba ya chakula inayozunguka kiinitete mna kemikali zinazozuia kuota, na akiba yenyewe ni ngumu kama pembe. Kwa airisi zinazotoka nchi zenye majira ya baridi kali, usingizi huo ni kinga: mbegu ikiota siku chache baada ya kudondoka, barafu itakikuta kichipukizi kikiwa kichanga. Basi inangoja mpaka ipite kwenye wiki nyingi za unyevu na baridi, ndipo iamini kwamba joto linalofuata ni la kweli.

Si airisi zote zenye masharti hayo. Zile za kundi la Louisiana, ambazo asili yake ni maeneo ya majimaji kusini mwa Marekani, huota bila baridi. Dietes nayo, ndugu wa karibu wa airisi anayeota mwituni mashariki na kusini mwa Afrika, haihitaji friji hata siku moja. Kama hujui una aina gani, ichukulie kuwa inahitaji baridi. Kuipa baridi isiyoihitaji hakuiharibu.

## Kuvuna ni kule kule, njia yoyote utakayochagua

Ua likishachavushwa, sehemu iliyo chini yake huanza kuvimba. Tunda huchukua takriban miezi 2 hadi 3 kukomaa, kutegemea aina na hali ya hewa. Huwa la kijani na gumu, kisha hufifia kuelekea njano na kahawia, halafu kilele chake hufunguka sehemu tatu. Hapo ndipo pa kulikata. Ukisema nitakuja kesho, na kesho ikawa siku ya upepo, utaokota mbegu chini moja moja. Kama huwezi kuikagua bustani yako kila siku, funga kijifuko cha kitambaa cha wavu kwenye tunda kabla halijapasuka. Usifunge plastiki, maana hutoa jasho, na tunda litaozea ndani.

Lipasue mezani ulitazame. Kuna vyumba vitatu, na katika kila chumba mbegu zimejipanga safu mbili. Za airisi za ndevu, zile ambazo maua yake yana manyoya kama ndevu kwenye petali, ni za mviringo zenye mikunjo, kahawia iliyokoza. Za airisi ya Siberia ni ndogo, bapa, kama herufi D. Za Iris pseudacorus, ile ya njano ipendayo maji, zimebanana kama sarafu kwenye bunda. Za Louisiana ni kubwa na nyepesi kwa sababu zimevikwa gamba kama la kizibo cha chupa, ambalo huzisaidia kuelea. Bonyeza kila moja kwa ukucha: nzima haitikisiki, tupu hubonyea. Tupu zitupe sasa, kwa sababu zikipata unyevu ndizo zinazoanza kuota ukungu na kuambukiza wenzake.

Vaa glavu kama ngozi yako ni nyepesi kuwashwa, na uziweke mbegu mbali na watoto na wanyama. Airisi ina sumu ikiliwa. Nilijifunza umuhimu wa lebo siku mgeni wangu alipokuwa ameshafungua kichupa cha mbegu za airisi ya ndevu, kinu cha pilipili manga kikiwa mkono wa pili. Sikumlaumu. Zinafanana kweli.

## Friji ile ile, kazi mbili tofauti

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, nami nilipotea mwaka mzima. Mbegu kavu ndani ya bahasha kwenye friji inahifadhiwa tu. Haihesabu siku. Unaweza kuiacha humo majira yote ya baridi, ukaisia, ikaendelea kulala kana kwamba haijawahi kuona baridi, kwa sababu kwake kweli haijaiona. Baridi inayovunja usingizi ni ile inayomkuta mtu akiwa amelowa: mbegu lazima iwe imekunywa maji kwanza.

Kwa kuhifadhi, kausha mbegu kivulini kwa wiki 1 hadi 3 kwenye sahani au karatasi, ukizigeuza kila baada ya siku chache. Jua kali halifai, na tanuri usilifikirie kabisa. Zikishakuwa kavu zitie kwenye bahasha za karatasi, bahasha ndani ya chupa yenye kifuniko cha kubana, pamoja na kifuko cha silika cha kunyonya unyevu, kile kinachokuja ndani ya sanduku la viatu. Mahali pa baridi na kavu zitadumu miaka kadhaa. Ukizifungia kwenye plastiki zikiwa bado na unyevu, utafungua mfuko wa unga wa kijani.

Kwa kuvunja usingizi, utahitaji unyevu na nyuzi joto kama 2 hadi 5 za Selsiasi, kwa wiki 8 hadi 12. Iwe friji, iwe chungu nje, hesabu ni hiyo.

## Njia ya kwanza: kuzisia mbichi

*Kazi.* Karibu hakuna. Tunda likipasuka, unatoa mbegu zikiwa bado laini kidogo na rangi haijakoza, unazisia siku ile ile kwenye chungu chenye mchanganyiko unaopitisha maji, kina cha sentimita 1 hadi 1.5, unamwagilia, unaweka lebo. Andika kwa penseli. Wino wa kalamu hufutwa na jua, penseli inakaa.

*Muda.* Hapa kuna bahati nasibu. Mbegu ambayo haijakauka haijazama sana usingizini, na baadhi huota ndani ya wiki chache. Nyingine za chungu hicho hicho hungoja baridi ipite. Kwa airisi za majini na za Louisiana naipenda njia hii kuliko zote, maana mbegu zao zikikauka sana huchelewa zaidi. Za Louisiana zibandue lile gamba la kizibo kwanza, utaokoa wiki nyingi.

*Baridi.* Inatoka angani, kama huko kwako ipo. Tatizo ni vile vilivyowahi kuota. Vitaingia kwenye majira ya baridi vikiwa na majani mawili, na itabidi uviingize ndani au uvifunike.

*Hatari kubwa.* Chungu kukauka. Mbegu iliyokunywa maji, ikaanza kujiandaa, kisha ikakaushwa siku tano kwa sababu ulikwenda safari, mara nyingi haifufuki. Na hapa huna akiba, kwa kuwa ulizisia zote. Mimi siku hizi hubakiza theluthi moja kavu kwenye bahasha, hata nikiwa na uhakika.

*Inamfaa* mtu anayepita kwenye vyungu vyake kila siku kwa mazoea, mwenye mbegu nyingi za kutosha kuchezea, na hasa mwenye aina zisizohitaji baridi.

## Njia ya pili: kuzikausha, kisha kuziacha nje baridi ikifanya kazi

*Kazi.* Ni ya mikupuo miwili. Kukausha na kuhifadhi sasa, kisha kusia baridi inapokaribia. Chungu kiwe na mashimo mazuri chini, mbegu zifunikwe na changarawe nyembamba juu ya udongo ili mvua isizichimbue. Halafu wavu. Usiache wavu. Panya huzifukua moja moja kwa ustadi wa kuhesabu, hukuachia maganda yamepangwa pembeni kama aliyemaliza kula karanga. Baada ya hapo unakitega chungu mahali ambapo mvua inakifikia lakini maji hayatuami.

*Muda.* Kutoka tunda hadi mche ni miezi 6 au zaidi, na hiyo ni kwa mbegu za mwanzo. Airisi ina tabia ya kuota kwa awamu. Chungu kimoja kinaweza kutoa miche michache mwaka wa kwanza, mingi mwaka wa pili, na mmoja wa kuaga mwaka wa tatu. Niliwahi kumwaga kwenye lundo la mboji chungu nilichokiona kimekufa. Miezi iliyofuata, katikati ya maganda ya mayai na majani makavu, palisimama majani membamba ya kijani yaliyojipanga bapa kama feni ya mkono. Nyasi haijipangi hivyo. Nilikuwa nimekizika chungu kikiwa hai.

*Baridi.* Ya kweli, bure, na yenye kupanda na kushuka kwa joto ambako friji haiwezi kuiga. Baridi ya usiku na vuguvugu la mchana kwa wiki kadhaa huamsha hata mbegu kaidi. Ila masharti ni kwamba majira yako ya baridi yawe ya baridi. Kama usiku wa baridi kuliko zote huko kwako bado unalala na shuka moja, njia hii itakuweka ukingoja kitu kisichokuja.

*Hatari kubwa.* Kuzisahau, au kuzikatia tamaa. Lebo ikipotea na chungu kikikaa kitupu miezi minane, mkono wowote wa usafi utakimwaga, pengine wako mwenyewe.

*Inamfaa* mwenye bustani au hata ukingo wa nyumba ambapo vyungu vinaweza kukaa miaka 2 bila kumkera mtu, na mwenye subira isiyo ya kujilazimisha. Ni njia ya wavivu waadilifu, na nasema hivyo kwa heshima.

## Njia ya tatu: kulowesha, kisha friji

Hii ina hatua nyingi, kwa hiyo nitakaa nayo zaidi.

*Kazi.* Lowesha mbegu kavu kwenye maji kwa siku 3 hadi 14, ukibadilisha maji kila siku. Lengo ni kuziosha zile kemikali. Maji ya siku za mwanzo hutoka na rangi kama chai iliyozimuliwa, na kadiri siku zinavyokwenda huwa meupe zaidi. Wapo wakuzaji wanaotia mbegu kwenye soksi ya nailoni na kuining'iniza ndani ya tangi la choo cha kuvuta, ili maji safi yapite kila choo kinapovutwa. Inafanya kazi vizuri, mradi humo tangini hamna kidonge cha dawa ya kusafishia. Uwaambie na wa nyumbani kabla hawajauinua mfuniko wa tangi wenyewe.

Baada ya hapo changanya mbegu na mchanga safi, au perlaiti, ile changarawe nyeupe nyepesi kama povu, au zifunge tu kwenye karatasi ya jikoni iliyoloweshwa. Unyevu uwe wa kitambaa kilichokamuliwa: ukikiminya hakidondoshi, lakini mkono unatoka na ubaridi wa maji. Tia kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu, andika jina na tarehe, weka sehemu ya mboga. Usiweke kwenye friza, maji yaliyo ndani ya mbegu yakiganda yanaweza kuidhuru.

Kila wiki fungua, nusa, tazama. Harufu ya udongo ni njema. Harufu ya uchachu maana yake kuna iliyooza: itoe, suuza nyingine, badilisha karatasi. Utando mweupe kidogo juu ya ganda si msiba, suuza tu. Baada ya wiki 8 anza kuangalia kwa makini. Ishara ya kwanza ni kifuniko kidogo cha mviringo kinachosukumwa pembeni kwenye ncha ya mbegu, kama mfuniko wa sufuria inayochemka, na nyuma yake ncha nyeupe ya mzizi. Ukiiona, itoe mbegu hiyo peke yake uisie, mzizi ukielekea chini, na urudishe mfuko. Wiki 12 zikiisha zitoe zote mahali penye mwanga na nyuzi 15 hadi 20 za Selsiasi. Usizipeleke juu ya joto kali ukidhani utaziharakisha, kwani airisi nyingi hupenda kuota kwenye ubaridi wa wastani, na joto likizidi zilizosalia hurudi kulala.

*Muda.* Miezi 3 hadi 5 kwa jumla, na wewe ndiye unayepanga kalenda. Unaweza kuhesabu nyuma kutoka siku unayotaka miche iwe tayari kutoka nje.

*Baridi.* Ya umeme, kwa hiyo haijali unaishi wapi. Kwa mkazi wa nchi ya joto anayetaka airisi za ndevu au za Siberia kwa mbegu, kwa kweli ndiyo njia pekee ya kutegemea. Ila mche wa airisi ya ndevu ukishaota, bado mmea mzima utataka kipindi cha baridi ili utoe maua vizuri, na hilo friji haikusaidii.

*Hatari kubwa.* Ukungu, na baada yake kinyausi, ugonjwa unaoikata miche shingoni ikiwa kwenye trei zenye unyevu mwingi na hewa kidogo. Pia kuna hatari ya watu wengine wa nyumba hiyo kusafisha friji kwa nia njema.

*Inamfaa* mwenye mbegu chache za thamani, kwa mfano za chotara aliyoichavusha mwenyewe kwa brashi, ambaye hataki kupoteza hata moja. Mwenye kupenda kuandika tarehe. Na mwenye mikono inayowasha kukagua.

## Kwa mbegu kaidi kupindukia

Airisi za jangwani zenye kijinundu cheupe kwenye mbegu, zile za kundi la Oncocyclus, zinaweza kukaa miaka bila kuota kwa njia yoyote kati ya hizo tatu. Wanaozipenda huloweka mbegu, kisha kwa wembe hukata kipande chembamba upande wa kiinitete hadi ncha yake ionekane, au hukitoa kiinitete chenyewe na kukikuza kwenye chakula maalumu ndani ya chupa safi kabisa. Ya kwanza unaweza kuifanya mezani ukiwa na mwanga mzuri na mkono usiotetemeka. Ya pili ni kazi ya maabara. Kwa airisi za kawaida sioni sababu ya kujikata vidole.

## Ukiwa katika hali hii, fanya hivi

Una tunda moja tu na unaishi kwenye baridi ya kweli: gawa. Nusu nje kwenye chungu, nusu kavu kwenye bahasha kwa ajili ya friji mwakani, iwapo ya nje haikutoa kitu.

Unaishi penye joto mwaka mzima na mbegu ni za ndevu au Siberia: lowesha, friji, halafu toa miche wakati wa ubaridi wa huko kwako. Kama hujali ni airisi ipi, anza na Dietes au za Louisiana uzisie mbichi, utapata moyo mapema.

Uko kwenye nyumba ya ghorofa na huna pa kuweka chungu miaka miwili: friji. Mfuko mmoja hauchukui nafasi ya hata limau.

Umepewa mbegu kavu za zamani na hujui zimekaa miaka mingapi: zisiende nje moja kwa moja. Ziloweshe wiki 2 nzima, zibonyeze upya baada ya kulowa, tupa zinazolegea, ndipo uamue.

Mbegu zako ni za Iris pseudacorus na kuna mto au bwawa karibu: zisie kwenye chungu kisichovuja kwenda mfereji, na ukate matunda yajayo kabla hayajapasuka. Mbegu zake huelea, na katika nchi nyingi mmea huo umeorodheshwa kama mvamizi wa kingo za maji.

Una watoto wanaotaka kuona kitu kikiota wiki hii: wape maharage. Airisi waonyeshe siku mche ukifikisha majani 3 au 4 na kuwa tayari kupandikizwa, kisha wapige picha wao na mche pamoja. Ua la kwanza litakuja baada ya miaka 2 au 3, na wao watakuwa wamerefuka kuliko lilivyo.